Kiswahili Bustanini: Tuliibiwa au Tuliacha Mlango Wazi?

Wahenga waliosema kwamba kutembea ni kuona mengi hawakukosea, ingawa hawakutuambia kwamba baadhi ya hayo mengi mtu huyakuta yakiwa ni yake mwenyewe, yameanikwa dukani kwa watu na kubandikwa bei. Hayo ndiyo yaliyonifika mwezi wa Julai, 2023, nilipoandamana na jamaa zangu katika likizo ya ughaibuni iliyotufikisha Orlando, katika jimbo la Florida, nchini Marekani. Naomba msomaji anistahimili nisimulie kidogo safari yenyewe kabla ya kuingia katika hoja, maana hoja hii niliikuta njiani. Niliyotoka nayo nyumbani ilikuwa nyingine kabisa.

Niieleze kwanza hiyo niliyotoka nayo. Mwishoni mwa mwaka wa 2018 ulizuka mjadala mkali kuhusu maneno mawili, hakuna matata. Ilibainika kwamba kampuni ya Walt Disney iliwasilisha ombi mwaka wa 1994, mwaka ule ule filamu ya The Lion King ilipotolewa, na mnamo 2003 ikasajiliwa nchini Marekani kuwa mmiliki wa maneno hayo kama alama ya biashara ya mavazi. Mwanaharakati Shelton Mpala wa Zimbabwe alianzisha lalamiko katika mtandao wa intaneti, na watu zaidi ya 100,000 wakalitia sahihi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wakati huo, na nakumbuka nilivyosimama katika mdahalo wa chama nikanguruma kwamba Kiswahili kimeporwa mchana peupe. Mhadhiri mmoja alijaribu kututuliza. Alitufafanulia kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kulitamka neno wala kuliandika kitabuni. Humzuia mshindani kuuza fulana yenye neno hilo katika nchi lilikosajiliwa. Tulimsikiliza kwa adabu, lakini hatukumpenda siku hiyo. Kwa hiyo nilipoambiwa, miaka mitano baadaye, kwamba nitaizuru bustani ya kampuni iyo hiyo, nilinunua daftari jipya. Nilikusudia kurudi na orodha ya vilivyoibwa.

Aliyetualika ni mjomba, mdogo wake mama, ambaye ameishi viungani mwa Atlanta, jimbo la Georgia, tangu mwaka wa 2001. Ni muuguzi. Mkewe ni mzaliwa wa Kisumu, na wamejaaliwa watoto watatu, wa miaka kumi na miwili, tisa na sita. Nyanya, mzaa mama, anaishi Amu. Alikuwa hajawahi kuwaona wajukuu zake hao ila katika kioo cha simu. Kila mwaka safari yao ya kuja ilipopangwa ilipanguka kwa sababu ya karo, kazi au maradhi, kisha ikaja korona. Hatimaye mjomba akaamua kututumia nauli sisi: nyanya, mama na mimi. Sitaki kuficha gharama, kwa kuwa wengi huziona picha za likizo kama hizi na kudhani zimeokotwa. Ombi la viza pekee lilikuwa dola 160 kwa kila mtu, na fedha hizo hazirudishwi hata mtu akinyimwa. Tiketi ya kuingia bustanini kwa siku moja ilizidi dola 100, yaani zaidi ya shilingi 14,000 za Kenya kwa thamani ya wakati huo, na sote tulikuwa watu wanane. Mjomba alifanya zamu za usiku kwa miezi mingi ili tuonane.

Nyanya alitoka Amu kwa boti hadi Manda, akapanda ndege ndogo hadi Nairobi, na usiku wa Julai 6 tukaruka kuelekea Amsterdam, mwendo wa takriban saa nane na nusu. Tukangoja hapo asubuhi, kisha tukapanda nyingine hadi Atlanta, karibu saa kumi juu ya bahari. Ilikuwa Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, na huku wenzangu wakikariri mashairi chuoni, mimi nilikuwa nimebanwa katika kiti cha katikati nikimsugua nyanya miguu iliyovimba. Nilitafuta Kiswahili katika orodha ya lugha za filamu nikakikosa. Nyanya hakujali filamu. Alichagua ramani, akaitazama ile picha ya ndege ikisota juu ya maji saa baada ya saa, akaniuliza mara tatu kama nahodha amelala. Aliswali akiwa kitini. Tulipotua, kwetu ilikuwa usiku ilhali jua la Atlanta lilikuwa la alasiri.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Uwanjani watoto walimkumbatia nyanya, naye akawabusu vipaji vya nyuso akiwaombea dua, kisha kimya kikatanda. Hawakuwa na neno hata moja la kupeana. Watoto wale wanajua Kiingereza tu. Najua msomaji aliyesomea isimujamii ameshaanza kukunja uso: baba ni mzawa wa Amu, mama ni Mjaluo, na lugha iliyowakutanisha wawili hao, waliyochumbiana kwayo, ni Kiswahili. Kwa kila kanuni tunayofundishwa, Kiswahili kingepasa kuwa lugha ya nyumba hiyo. Nilimuuliza mjomba sababu. Hakunipa nadharia. Alisema, "Mpwa wangu, ukirudi kutoka zamu ya usiku na mtoto yuwataka viatu aende shule, humwambii kwa lugha atakayokuuliza mara ya pili." Kisha akaongeza kwamba mwalimu mmoja aliwaambia lugha nyingi humchanganya mtoto, nao wakaamini.

Basi kwa siku nne za kwanza nilikuwa mkalimani. Nilifasiri chakula, nilifasiri usingizi, nilifasiri hata utani, na kila aliyewahi kufasiri utani anajua kinachosalia.

Kutoka Atlanta hadi Orlando tulikwenda kwa gari, mwendo wa saa saba hivi. Siku ya kwanza tuliingia Magic Kingdom, iliyofunguliwa mwaka wa 1971 na ambayo ndiyo kongwe kati ya bustani nne za burudani zilizomo Walt Disney World. Sina mengi ya kusema juu yake. Joto lilikuwa kali, foleni zilikuwa ndefu, kasri lilikuwa zuri, na nyanya alikaa kivulini na mama wakila machungwa waliyotoka nayo hotelini.

Siku ya pili ndiyo niliyoinunulia daftari. Bustani ya Animal Kingdom ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na sehemu yake iitwayo Afrika imejengwa kwa mfano wa mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Wabunifu wake walizuru Afrika Mashariki kabla ya kuuchora, na mji walioutumia kama kielelezo ni Lamu. Nilikuwa nimeyasoma hayo kabla ya kusafiri, lakini kusoma na kuona ni mambo mawili. Unavuka daraja, na mbele yako pana kuta zilizopasuliwa makusudi ili zionekane za kale, milango mikubwa ya mbao, na matangazo ya biashara yaliyochorwa ukutani kisha yakafifishwa. Mapaa ya nyasi yaliezekwa na mafundi wa Kizulu waliosafirishwa kutoka Afrika Kusini. Mibuyu ya huko mbugani ni ya saruji. Miti ya Florida imepogolewa ifanane na migunga yetu. Hata alama za magurudumu barabarani zimepigwa chapa katika saruji iliyotiwa rangi ya udongo. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na sitamwamini Mkenya atakayeniambia kwamba aliiona asishtuke.

Nyanya alisimama. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akaugonga kwa kidole kama anayebisha hodi. "Hili si tumbawe," akasema. Kisha akatazama huku na huku. "Zimeshabihi za kwetu. Lakini ndia ni pana mno. Punda wako wapi?" Nimesoma makala kadhaa kuhusu mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, lakini sijaona palipoelezwa jambo hilo kwa wepesi kama huo. Vichochoro vya Amu vimepimwa kwa punda na mtu wakipishana. Barabara ya Harambe imepimwa kwa umati.

Daftari lilianza kujaa. Niliandika kwamba neno Harambe limepungukiwa na irabu, maana ile ya ngao ya taifa letu inamalizikia kwa e mbili. (Mmarekani wa leo akilisikia neno hilo, hamkumbuki Mzee Kenyatta, humkumbuka gorila aliyepigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwezi wa Mei 2016, aliyepewa jina hilo kutokana na wimbo wa Rita Marley.) Niliandika kwamba pameandikwa Uhuru 1961, mwaka ambao ni wa Tanganyika, ilhali mji wenyewe umevishwa nguo za Lamu. Niliandika pia juu ya neno safari. Kuna matembezi ya gari yaitwayo Kilimanjaro Safaris, ambapo wageni huonyeshwa simba, twiga na vifaru wa kweli kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kiingereza kilipolikopa neno hilo katika karne ya 19 kilililemaza mguu: hivi sasa haliendi popote pasipo na wanyama. Mtoto wa miaka sita, binamu yangu, aliposhuka garini alitangaza kwamba yeye ameenda safari na nyanya pia ameenda safari. Nilitaka kumwambia kwamba nyanya yake alitoka Amu kwa boti, akaruka mabara matatu, na kwamba hiyo ndiyo safari. Lakini alikuwa na furaha sana, nami nikanyamaza.

Kilichoniharibia orodha yangu kilianza katika kibanda cha aiskrimu. Yafaa nieleze kwamba nyanya si mjinga wa kusoma. Alisomea chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, na husoma na kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Herufi za Kirumi ndizo asizozijua. Wajukuu zake nao wanazijua hizo za Kirumi na wanaweza kusoma kila bango, ila hawajui maana. Yule wa miaka tisa alisoma kwa sauti jina la kibanda, "Tamu Tamu", kwa matamshi ya Kimarekani yaliyonitia uchungu wa sikio. Nyanya akageuka. "Tamu? Nini tamu?" Sikuwahi kufasiri. Mtoto alimvuta mkono hadi kibandani, akamwonyesha, ikanunuliwa, nyanya akalamba na kusema, "Ni tamu kweli." Na mtoto akarudia, "Tamu kweli." Nimesoma Kiswahili chuo kikuu kwa miaka kadhaa, na sijaona somo la kivumishi likifaulu kwa kasi kama hiyo.

Tangu hapo watoto walianza kuwinda mabango. Walisoma, nyanya akaeleza kwa mikono, kwa uso, kwa kuonyesha. Walisoma jina la bendi ya muziki, Burudika, naye akawachezea mabega. Walisoma Dawa, nyanya akafurahi, akasema hiyo ndiyo aitakayo kwa ajili ya miguu yake, tukaandamana mpaka mlangoni ambapo nilitambua kwamba ni baa ya pombe. (Kinywaji cha dawa, chenye vodka, ndimu na asali, kinajulikana hata katika mikahawa ya Nairobi, kwa hiyo hapo siwezi kumlaumu Mmarekani.) Tulicheka hata watu wakatutazama. Mlangoni pa mkahawa kijana mmoja alitulaki kwa "Jambo!", nyanya akamjibu kwa mfululizo wa maamkizi kamili, ya kwake na ya wazazi wake na ya huko atokako. Kijana akatabasamu kwa haya na kusema kwa Kiingereza kwamba yeye ni wa Botswana, kama beji yake ilivyoonyesha, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha.

Tulipokuwa katika foleni ya onyesho la The Lion King, lililoko papo hapo Harambe, yule mdogo alianza kumtajia nyanya majina ya wanyama wa filamu. Simba, sawa. Rafiki, vizuri. Alipofika Pumbaa nyanya alishika kiuno. "Mtoto wa watu aitwe Pumbaa?" Foleni ilisogea, mtoto akabaki nyuma akimtazama ndege, nyanya akamwita, "Ndoo! Usipumbae!" Mtoto alilidaka neno hilo papo hapo. Siku nzima kila aliyechelewa, hata baba yake, aliambiwa "Usipumbae!" Tazama, msomaji, kilichotendeka: nomino ya dukani imerudishwa kuwa kitenzi, ikapewa kiambishi kanushi na nafsi ya pili, ikabadilishwa irabu ya mwisho kama inavyopasa, na mtoto wa miaka sita aliyezaliwa Georgia akaitumia pasipo kukosea. Mimi niliyefanya mtihani wa mofolojia nilikuwa nimeliandika jina hilo daftarini chini ya kichwa "Vilivyoibwa".

Kisha akataja Shenzi, yule fisi. Uso wa nyanya ukabadilika. "Neno hilo halitajwi," akasema. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba babake, aliyekuwa kuli bandarini Mombasa zama za Mwingereza, aliitwa hivyo na msimamizi wake kila siku ya Mungu, na aliporudi Amu hakutaka lisikike nyumbani mwake hata kwa paka. Nilikuwa tayari kuliandika hilo kwa wino mwekundu. Lakini mke wa mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa Kiswahili safi, "Samahani Mama, lakini nyinyi watu wa pwani mlituita hivyo sisi wa bara kabla ya huyo Mwingereza." Foleni nzima ilionekana kama imesimama. Nyanya alimtazama mkaza mwana wake kwa muda. "Ni kweli," akasema. "Mlituita." Akajisahihisha: "Tuliwaita." Watoto walikuwa wamekodoa macho. Hawakuwa wamewahi kumsikia mama yao akisema Kiswahili zaidi ya maneno mawili matatu ya simuni, seuze kumsikia akibishana kwacho na mtu mzima, tena akashinda. Yule wa miaka kumi na miwili akaniuliza, "Wamesema nini?" Lilikuwa swali lake la kwanza la siku hiyo. Mpaka hapo alikuwa na vipokea sauti masikioni.

Sasa niseme nionavyo. Katika vyama vyetu na majarida yetu kuna kambi mbili juu ya suala hili. Moja hushikilia kwamba Kiswahili kimeibwa, na nyingine hufurahi kwamba kimetangazwa bure kwa mamilioni. Nilikuwa katika ya kwanza. Sijahamia ya pili. Matangazo gani hayo, ikiwa mamilioni hao hutoka bustanini na neno safari likiwa na maana finyu kuliko waliyoingia nayo? Kiswahili cha Harambe ni nomino tupu. Ni majina ya milango. Humo sikuona kiambishi cha nafsi, na palipokosekana nafsi hapana mtu anayesema na mwenziwe. Hoteli iliyo kando ya bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka wa 2001, ina Jiko, ina Boma, ina Sanaa, ina Kidani, na ina bwawa lililopewa jina zuri la Samawati. Naungama kwamba nililionea wivu jina hilo, kwa kuwa sijui hoteli yetu hata moja iliyothubutu kulitumia.

Hata hivyo, lile neno wizi nimelifuta daftarini. Kiswahili hicho cha kukatwakatwa hakikukatwa Florida. Chukua jambo lenyewe. Salamu yetu ni hujambo, yaani huna jambo, na uzito wake wote umo katika ule ukanushi: nakuulizia kama umesalimika. Nani aliyeung'oa ukanushi huo na kubakiza jambo tupu? Sisi, pwani yetu wenyewe, kwa ajili ya mtalii. Bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliutoa wimbo wa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya mwongo mmoja kabla ya filamu ya simba, na haukutungiwa wenyeji. Siwalaumu wanamuziki, walikuwa wakitafuta riziki katika hoteli za watalii, na wimbo ni mtamu. Nasema tu kwamba wenzetu wa Marekani walikikuta kikiwa kimeshamenywa na kupangwa sahanini. Tulipokuwa tukipiga kelele mwaka wa 2018 tulikuwa tukiwalilia maganda.

Na kama ni kelele, kwa nini hatukuzipigia Shenzi? Jina hilo halikutajwa katika mdahalo wetu hata mara moja. Filamu ilitengenezwa upya mwaka wa 2019, miezi michache baada ya zogo letu, na fisi yule akabaki na jina lake. Hakuna matata ni maneno yasiyomuumiza mtu. Shenzi limeumiza watu ninaowajua kwa majina, tena kwa vinywa vya Waingereza na vya Waswahili pia. Nadhani tuliliruka kwa sababu lingetulazimu tujitazame, kama nyanya alivyolazimika katika ile foleni. Mtafiti anayetafuta mada ya tasnifu na aichukue hii, namwachia bila malipo: historia ya neno hilo kutoka vinywani mwa watu wa pwani, likapitia afisi za ukoloni, likaishia katika kinywa cha katuni.

Lakini kinachonikera zaidi hakimo Orlando wala katika sajili ya alama za biashara. Kimo katika nyumba ya mjomba, na naamini katika maelfu ya nyumba kama ile. Wakereketwa wa Kiswahili tumehubiri kupitishwa kwake kuwa lugha ya Umoja wa Afrika mwaka wa 2022, tumeandamana Julai 7, tumetunga istilahi za tarakilishi. Yote mema. Ni nani kati yetu aliyemwandikia muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye ana dakika kumi kabla ya basi la shule, chochote cha kumsaidia kumwambia mtoto "vaa viatu" kwa Kiswahili? Ni nani aliyemjibu yule mwalimu wa Atlanta kwamba watoto wa Kisumu na Lamu hukua na lugha mbili tatu pasipo kuchanganyikiwa, na kwamba jambo hilo hata si la kushangaza kwetu? Tumewaachia walio mbali wachague kati ya Kiingereza na Harambe.

Tulipokuwa hotelini nilifanya nilichoweza. Niliwafungulia watoto katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, na zile za Akili and Me za watayarishaji hao hao. Wakubwa walizitazama kwa adabu. Mdogo aliziomba tena. Hizo ni kazi za Watanzania. Nilijaribu kutafuta kitu cha kuwaonyesha kilichotoka katika idara zetu za Kiswahili hapa Kenya, nikaishia kujionea haya, maana nilichokuwa nacho simuni ni makala ya kongamano kuhusu nadharia ya umitindo.

Ninachopendekeza kwa chama chetu ni kidogo. Kila Julai na Agosti, na kila Desemba, watoto wa jamaa zetu walio ng'ambo huletwa Kenya likizoni. Wengi hupelekwa mbugani na ufuoni, kisha hurudishwa. Chama hiki kina wanachama katika kila kaunti. Tukikubaliana, kila mwanachama anaweza kukaa na watoto wawili watatu wa jirani au wa ndugu kwa wiki mbili, bila kitabu cha sarufi, akaanza na maneno waliyokuja nayo: simba, rafiki, safari, pumbaa. Anayeona haya kuanzia hapo ana haki yake, ila asisahau kwamba ndiyo yaliyopo mkononi. Wahadhiri wetu nao wangetufaa kwa kijitabu chembamba cha semi za nyumbani, za jikoni na za mlangoni, kitakachoweza kutumwa kwa simu. Gharama yake haifiki bei ya tiketi moja ya Animal Kingdom.

Mjomba hupiga simu kwa nyanya kila Ijumaa. Zamani watoto walikuwa wakipungia kioo mkono kisha wakakimbia. Siku hizi yule mdogo hubaki. Maneno yake hayazidi hamsini na sentensi zake zina makosa ya upatanisho, na nyanya hamsahihishi hata moja. Wiki mbili zilizopita aliuliza kama ni kweli kwamba Harambe ya nyanya ina punda. Wanatarajia kuja Desemba, nauli ikipatikana.